Tiba kwa Amri ya Hakimu

Mama mmoja auzaye unga kwa kipimo cha meka katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, ambaye mwanawe wa miaka 19 amekwisha kumwibia sufuria mbili na mabati ya jiko akayageuza lutuku, pombe kali ya kienyeji, aliniambia juzi, huku akipangusa meka yake kwa upindo wa kitenge: "Bamubebe tu kule Kaniama, papa, pengine atarudia na akili." Sikumlaumu, maana mzazi aliyekesha miaka akingoja mlango ubishwe ana haki ya kuchoka, lakini maneno yale yamenishughulisha, kwa kuwa nayasikia kila mtaa.

Kaniama-Kasese, katika mkoa wa Haut-Lomami, kwenye njia ya reli itokayo Kamina kuelekea Kananga, ndiko Service national, idara ya serikali chini ya Jenerali Jean-Pierre Kasongo Kabwik, tangu 2020, ilikopeleka vijana waliokamatwa Kinshasa kwa jina la kuluna, yaani magenge ya mitaani, wakafundishwa kulima na kujenga, wakaitwa bâtisseurs, yaani wajenzi; na mahindi ya huko yameletwa kuuzwa hapa mjini kwa bei nafuu wakati wa ghali ya unga, hata huenda bukari tuliyoila ilitoka mikononi mwao. Kazi haikosi manufaa, nami sidharau jembe. Ila wengi wao walisafirishwa pasipo kesi wala hukumu, na hilo ndilo tulilolipita kimya tukishukuru usalama.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, yaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha aifahamuyo, na asizuiliwe zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Na kifungu cha 16 chakataza kazi ya shuruti. Aliyepelekwa kwa amri ya hakimu anaijua siku ya kurudi na mahali pa kukata rufani; aliyebebwa usiku hajui, na mamaye hajui abishe mlango wa nani.

Na hakimu aweza kuamuru tiba, si kazi tu: jirani zetu wa nchi ya Kenya (nchi nasema, si komini yetu hii) wana sheria ya dawa za kulevya ya 1994, ambayo humruhusu hakimu, akiisha kumtia mraibu hatiani, kuamuru sehemu ya kifungo chake ipitie kituo cha tiba; na huko Miami, Marekani, tangu 1989, hakimu humwita mraibu mara kwa mara amtazame kwa macho yake kama anaendelea vizuri na tiba. Kinyume chake, mwezi wa Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitaka vituo vya kuzuilia waraibu kwa nguvu vifungwe.

Lakini hata amri iliyo halali yaweza kuua. Mlevi wa miaka mingi akikatwa pombe ghafula, katika siku chache za kwanza huweza kutetemeka mwili mzima, kuona wadudu wasiokuwapo ukutani, na hata kuanguka kifafa akafa. Naye akiwa amefungiwa chumbani katika gereza letu la Kasapa katikati ya msongamano, nani atatambua kwamba yule anayepiga kelele ni mgonjwa, wala si mkaidi? Kwa hiyo nawasihi, waheshimiwa mahakimu, msitie sahihi kabla daktari hajamwona mtu huyo. Andikeni muda, andikeni nani atakayeleta habari zake kwenu na lini. Na akirudia chupa baada ya miezi miwili, kama wanavyorudia wengi, msiihesabu kuwa dharau kwa mahakama, bali mumrudishe kwa daktari. Nanyi wazazi, msikubali mtoto achukuliwe na gari lisilo na karatasi, hata kama moyo umechoka naye.

Nilimrudia yule mama jana, nikamweleza habari ya hakimu na daktari, nikamtajia na hospitali ya Joseph Guislain ya Mabruda wa Charité, wanaotibu maradhi ya akili papa hapa mjini. Alisikiliza kwa adabu, akajaza meka ya mteja, akaiparuza juu kwa kijiti ili isizidi.

"Na feza ya munganga, papa," akaniuliza, "nani atalipa?"