Namba Zisizosomeka Katika Video za Afya

Watayarishaji wa video za elimu ya afya wana imani moja inayostahili kupingwa: kwamba video bora ni ile yenye picha kubwa kuliko zote. Mama wa Meatu au Itilima, anayenunua kifurushi cha intaneti kwa kujibana, haioni video iliyotoka kwenye kamera yetu. Huona mabaki yake baada ya mtandao wa kijamii kuibana na kuisimba upya.

Tuchukue tiba ya kuhara kwa watoto. Pamoja na ORS, mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa zinki miligramu 10 kwa siku. Aliyetimiza miezi 6 hupewa 20, kwa siku 10 hadi 14. Maandishi madogo ya namba hizo yakipita kwenye ubanaji wa WhatsApp hugeuka ukungu, na 10 hufanana na 20. Hapo kosa si la macho ya mzazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dakika 2 za video kwa megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 300. Kwa megabiti 1 ni megabaiti 15. Kwa mtu mmoja anayezungumza akiwa ameketi, megabiti 1 inatosha, picha ikiwa ya pikseli 1280 kwa 720 na fremu 30 zisizobadilika kwa sekunde. Fremu zinazobadilikabadilika, jambo la kawaida kwa video za simu, mara nyingi ndizo huiachanisha sauti na midomo baada ya uhariri. Mfumo uwe H.264 ndani ya faili la MP4. H.265 hubana vizuri zaidi, lakini simu nyingi za zamani haziufungui, na mgonjwa hubaki akitazama kioo cheusi.

Mahali pa kurekodia nako huamua. Majani ya mwembe yanayopepea nyuma ya muuguzi hula biti ambazo uso wake ungezihitaji. Ukuta mtupu wa zahanati (usio na mabango, tafadhali) hushinda mandhari yoyote ya kupendeza.

Napendekeza video isitolewe kabla haijatumwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye simu ya bei nafuu, tuseme nje kidogo ya mji wa Bariadi, naye aulizwe ameona namba gani. Kumwuliza kama ameipenda hakutoshi. Na namba hizo zitamkwe pia, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, maana sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hueleweka hata picha ikiwa imeharibika.