Reli Ni Mali ya Nani?

Wako wanaotuuliza kwa nini jarida la wanamageuzi lijishughulishe na mambo ya reli. Kazi yenu, wanatuambia, ni katiba, kura na haki za raia. Mabehewa waachieni mafundi. Twawajibu kwa heshima kwamba hakuna mali ya umma katika nchi hii iliyoonyesha waziwazi tabia ya watawala wetu, wa kigeni na wa kienyeji, kuliko njia hii ya chuma itokayo Mombasa.

Ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na kulifikia ziwa, pale Kisumu, mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Wabunge wa Uingereza walibishana sana juu ya gharama yake. Wenye ardhi iliyopitiwa hawakuulizwa neno. Wanandi walipopinga, jibu lilikuwa bunduki, na Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Basi reli ilizaliwa katika amri, na twahofu kwamba tabia hiyo ya kuzaliwa nayo haijaitoka.

Hata hivyo ilikuja kuwa mali ya watu. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja. Behewa liliweza kutoka Kilindini hadi Kampala, au kupakiwa merikebuni Kisumu na kuvuka ziwa, bila kubadilisha mwenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila serikali ilijitwalia kipande chake, na shirika letu likaundwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa likibeba zaidi ya tani milioni 4 za shehena kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye mzigo ulikuwa umepungua hadi nusu ya hapo, wakati bandari ikipokea shehena nyingi kuliko zamani. Tofauti hiyo ilibebwa na malori, na barabara ya Mombasa ikalipa kwa mashimo na kwa roho za watu.

Malori yalikuta adui amekwisha kujeruhiwa nyumbani. Vichwa vya treni vilikaa gereji kwa kukosa vipuri. Njia ya reli haikutunzwa. Mwishoni mwa Januari 1993 gari la abiria lililotoka Nairobi likielekea Mombasa lilitumbukia mtoni pale Ngai Ndethya, daraja likiwa limesombwa na mafuriko, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Na ardhi je? Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza namna ardhi za mashirika ya umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria. Wasomaji wetu wanaoijua habari ya shamba la Nabothi hawahitaji tafsiri, ila tofauti moja: Nabothi alikuwa mtu mmoja, na wanyang'anywa wa hapa ni taifa zima.

Dawa iliyoletwa mwaka 2006 ilikuwa kuikodisha reli ya Kenya na ya Uganda kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa miaka 25. Haikumaliza hata nusu ya muda huo. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa. Wenye hisa walibadilika, ahadi zikabadilika, na mwananchi aliyekuwa mwenye mali alizipata habari hizo magazetini kama mpita njia.

Ndipo ikaja reli mpya. Tuseme haki: gari lililoanza safari Juni 2017 ni safi, na safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa huchukua saa tano hivi. Mwaka 2023 abiria zaidi ya milioni 2 walilipanda. Hatuna kijicho na kitu chema. Ugomvi wetu ni juu ya namna kilivyonunuliwa. Kazi iliyogharimu shilingi bilioni 327, kwa sehemu kubwa fedha za mkopo kutoka benki ya serikali ya China, ilitolewa bila zabuni ya ushindani. Mlipa kodi alianza kutozwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa nje tangu mwaka 2013, lakini mkataba alioulipia hakuruhusiwa kuusoma.

Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ununuzi huo ulikiuka kifungu cha 227 cha Katiba. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba yalikuwa mapatano ya serikali kwa serikali. Twaiheshimu mahakama. Lakini sisi tulio katika taaluma ya sheria hatuwezi kunyamaza: ikiwa mkopeshaji wa kigeni anaweza kumchagua mjenzi, basi kifungu cha 227 kina mlango wa nyuma, na mlango huo una upana wa kupitisha treni.

Wenyeji wa Mombasa waliyaona matunda ya siri hiyo mapema. Bandari na reli zilikuwa zimefungana katika mapatano ya kuhakikisha shehena: mzigo usipotosha, bandari hulipa. Kwa hiyo, mwaka 2019, ilitoka amri kwamba makasha yote yanayokwenda bara yapandishwe reli na kutolewa Nairobi. Madereva, makarani, wenye mabohari na wauza chakula wa Changamwe hadi Mariakani walibaki mikono mitupu, wakaingia barabarani kuandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu ilizibatilisha amri hizo, na Septemba 2022 Rais mpya akatangaza, siku alipoapishwa, kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Miaka mitatu ya njaa, kwa ajili ya kifungu ambacho hakuna aliyelala njaa aliyewahi kukiona.

Wapo pia wasiotajwa katika ripoti. Gari la zamani la abiria lilipokoma mwaka 2017, stesheni ndogo baina ya miji zilibaki kimya. Reli mpya hushusha watu Voi, Kibwezi na Emali, kweli, lakini si kila alikosimama yule mzee wa daraja la tatu, na Mombasa hushusha Miritini, mbali na mji. Januari 2024 nauli ya daraja la chini ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Mama mwenye tenga la maembe hakuwamo katika hesabu.

Sasa majirani hawatungojei. Tanzania ilianza kuendesha treni za umeme hadi Dodoma mwaka 2024, na mwaka huo huo Uganda ilitia sahihi mkataba wa reli ya Malaba hadi Kampala na kampuni ya Kituruki. Reli yetu lazima ikutane na yao. Twasema mapema: mkataba wowote wa kuitoa Naivasha kwenda Malaba uchapishwe wote, pamoja na masharti ya mkopo, kabla ya wino kukauka.

Wala tusingoje kuonewa huruma. Mei 2022 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamuru serikali iwape raia waliouomba mkataba wa reli; Novemba mwaka huo sehemu yake ikatolewa hadharani. Raia waliandika barua, wakanyimwa, wakashtaki. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari yampa kila Mkenya haki hiyo. Ombi halitozwi ada, ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikikaa kimya malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kamati za haki na amani za parokia zilizo kando ya reli, kutoka Mariakani hadi Butere, zaweza kuandika barua hizo mwezi huu. Zianze na ardhi ya stesheni yao wenyewe: hati iko kwa nani, na tangu lini.