Alifu ya Chuoni na Alifu ya Chuo Kikuu

Mpwa wangu akaa Kawangware, na kila asubuhi hupanda matatu kwenda chuo kikuu kimoja kilichoko katikati ya jiji la Nairobi. Wakati wa kuchagua lugha ya kigeni alichagua Kiarabu. Nilifurahi, kwani kwetu pwani alitiwa chuoni angali mdogo, akahitimu juzuu zote thelathini kabla hajabaleghe.

Mwandikishaji alimwuliza swali moja tu: ana alama ya Kiarabu katika mtihani wa kidato cha nne? Hakuwa nayo, maana skuli yake haikufundisha somo hilo. Basi akatiwa darasa la wanaoanza. Wiki tatu nzima akakalishwa kufundishwa alifu, be, te, herufi alizozijua tangu ana meno ya utoto. Aliponung'unika, akarushwa hadi darasa la tatu. Huko mwalimu akampa gazeti la Kiarabu asome.

Wasomaji waliopita chuoni wamekwisha jua kilichomfika. Msahafu huandikwa kwa fat-ha, kasra na dhuma zake zote. Gazeti huziacha, msomaji azijaze mwenyewe kwa kuijua lugha. Kijana alikwama mstari wa kwanza. Mwalimu akamsemesha, akanyamaza.

Sina haki ya kumcheka. Mimi nilihitimu Kurani kwa sauti ya kusifiwa, na siku hiyo hiyo nisingeweza kumwuliza Mwarabu bei ya tende. Vyuo vyetu vilitufunza kusoma kabla ya kufahamu, na wengi hatukufika huko kwenye kufahamu. Tena Kiswahili chenyewe hutudanganya kuwa twajua. Taifa kwetu ni nchi na watu wake wote. Kwa Waarabu ni kundi au madhehebu. Mahali kwetu ni popote. Ukilisikia neno hilo katika miji yao leo, mara nyingi ni duka.

Kwa hiyo kijana huyu si wa darasa la kwanza wala si wa la tatu. Jicho lake limetangulia, sikio na ulimi vimebaki nyuma. Jirani yake wa Kikongo ni kinyume chake: Kifaransa akisema nyumbani tangu utotoni, lakini kukiandika ni taabu. Cheti gani kitakachowaeleza hawa?

Na jambo hili si geni mjini. Alliance Française, iliyoko Nairobi tangu mwaka 1949, na Goethe-Institut, mtu akisema kwamba ana maarifa kidogo hupimwa kabla ya kupewa darasa. Ngazi zao ni zile sita za Baraza la Ulaya zilizotangazwa mwaka 2001, kuanzia A1 hadi C2, na utaratibu huo wakubali wazi kwamba mtu aweza kuwa juu katika kusoma na chini katika kusema.

Walimu watasema wanachuo ni wengi, wao wachache. Ni kweli. Lakini dakika kumi za kumsikiliza mtu, na ukurasa mmoja usio na irabu, ni gharama ndogo kuliko muhula uliopotea. Tena kupima kutawafichua wale wajanja (nawajua, baadhi yao ni watoto wetu wa pwani) wajifanyao hawajui kitu ili wavune alama za bure katika darasa la wanaoanza. Yule aanzaye kweli huketi kando yao akidhani yeye ndiye mjinga.

Wanaohitimu chuoni kwetu wafunguliwe darasa lao, la kusikia na kusema, na mwenye kuwekwa pasipo pake aruhusiwe kuhama hadi wiki ya tatu bila kutozwa ada upya.

Mpwa wangu aliniuliza Jumamosi kama arudi kwenye alifu. Nimemwambia angoje kwanza niandike haya.