Masomo ya bure: mutoto wa Lukafu na wa Lubumbashi mbele ya mutihani mumoja

Tangu Septemba 2019, muzazi wa Lukafu na muzazi wa Lubumbashi wako na haki ileile: mutoto wao anapaswa kusoma bila kulipa katika shule ya msingi ya serikali. Kisha mwaka wa 6, watoto hao wanaketi mbele ya mutihani mumoja wa taifa, ENAFEP. Ni hapo tofauti inaonekana.

Haki hiyo haikuzaliwa 2019. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Raisi Félix Tshisekedi ndiye aliyeanza kuitumikisha katika inchi yote, na serikali inasema kwamba mamilioni ya watoto waliingia ao walirudi darasani.

Lakini namna gani walimu walikuwa wanaishi mbele ya hapo? Kuanzia miaka ya 1990, mushahara wa serikali haukutosha, na wazazi ndio waliobeba walimu kwa prime. Shule yenye wazazi wenye feza ilishika walimu wazuri, ya kijiji ikabakia na ile iliyoweza. Kuondoa prime kulipaswa kumaliza tofauti hiyo. Kumbe prime iliondoka mbele mushahara haujafikia wote. Walimu wanaoitwa N.U. na N.P. walifundisha miaka mingi bila jina lao kuingia kwenye liste ya malipo.

Katika muji, muzazi mwenye uwezo alipata njia: alihamisha mutoto katika shule ya kibinafsi, ambako sheria ya bure haigusi. Shule hizo zinashindania wanafunzi kwa kutangaza asilimia ya waliofaulu. Mu Septemba 2024, wakati walimu wa serikali katika majimbo mbalimbali walikatala kurudia darasani juu ya mushahara, mwenye kulipa hakupoteza siku. Kenya iliona jambo kama hilo kisha kuondoa malipo katika 2003: madarasa ya serikali yalijaa, wenye feza wakaenda kwingine.

Lukafu iko mbali kaskazini ya Lubumbashi, upande wa Kundelungu. Mulimaji wa kule hana shule nyingi za kuchagulia. Mwalimu asiyelipwa akienda shambani kutafuta chakula, darasa linabakia bila mutu. Na mutoto akifaulu, mwaka wa 7 unamungojea na feza za kulipa tena.

Kwa hiyo, kipimo cha usawa si mulango wa shule kuwa wazi tu. Ni kujua walimu wangapi wa vijiji wameingia kwenye liste, na mushahara unawafikia siku gani. Bila hiyo, serikali itaendelea kuwapima kwa mutihani mumoja watoto ambao haikuwapa mwalimu mumoja.