Afisa wa Rufiji na Barua za Mtu wa Ukara

Huku Rwamgasa, Geita, ambako makarasha husaga mawe tangu alfajiri hata usiku, na mazungumzo ya watu aghalabu huanzia kwenye dhahabu yakaishia papo hapo, ilitokea juma lililopita, barazani kwa mzee mmoja jirani yangu, kwamba watu wazima sita walibishana jioni nzima juu ya serikali zilizokwisha kuondoka na watumishi waliozitumikia. Mzee alikuwa ametusimulia kisa cha babu yake, aliyekuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, katika zama za Wadachi, yaani Wajerumani, akawakusanyia kodi bila ya kupunguza hata peni. Na Waingereza walipoitwaa Mwanza mwezi wa Julai, 1916, bendera moja ikashuka na nyingine ikapanda, mwanangwa yule hakuondoka katika kigoda chake hata siku moja, akaendelea kukusanya kodi kwa watu wale wale, akabadili jina la mfalme tu. "Mwanangu," mzee akaniuliza, "wewe uliyezoea vitabu, mtu wa namna hii tumwite mwaminifu au tumwite kigeugeu?" Nikamwambia, "Babu, niachie siku chache," kwa kuwa sikuwa na la kusema ambalo lingestahili swali lake.

Jibu nililolikosa siku ile nalitoa leo kwa kalamu, nami nalichukua katika maisha ya afisa mmoja wa majini wa Ujerumani, Hans Paasche, ambaye jina lake sikulikuta katika kitabu chochote cha historia nilichosomeshwa shuleni, ijapokuwa damu ya watu wetu ilimwagika mbele ya macho yake na kwa amri yake, na ijapokuwa kitabu chake kilichodumu kuliko vyote alikitia kinywani mwa mtu wa Ukara, kisiwa cha Ziwa Viktoria, ziwa hili hili letu.

Alizaliwa Rostock tarehe 3 Aprili, 1881, mwana wa Hermann Paasche, profesa na mwanasiasa mwenye jaha aliyepata kuwa makamu wa spika wa bunge la dola ya Ujerumani, na kwa kijana wa nyumba kama hiyo, katika utawala wa Kaisari Wilhelm aliyependa manowari kama wengine wapendavyo farasi, cheo cha afisa wa majini kilikuwa mlango mpana wa heshima. Manowari yake, Bussard, ilikuwa katika maji ya Dar es Salaam pale Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbi mwezi wa Julai, 1905. Na maadamu Gavana von Götzen hakuwa na askari wa kutosha kuuzima moto uliokuwa ukienea kusini kote, wanamaji walishushwa pwani, na Paasche, mwenye umri wa miaka 24, akapewa kikosi kwenda katika bonde la Rufiji. Huko alipigana na watu waliomjia wakiamini maji ya dawa ya mganga Kinjikitile, akaamrisha bunduki zilie, akaona watu wakinyongwa baada ya hukumu za haraka, na aliporudi kwao akavishwa nishani.

Mambo haya yasipitwe mbio, kwa sababu mtu anayetaka kumsifu Paasche hujaribiwa kuyafunika kwa shuka ya yale mema yaliyofuata. Vita vile, pamoja na njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na kutwaa nafaka, viliua watu ambao serikali yenyewe ya Kijerumani iliwakadiria kuwa 75,000, na ambao mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa aliwahesabu kuwa baina ya 250,000 na 300,000. Paasche alikuwa mkono mmoja katika mikono mingi iliyofanya kazi ile. Na mkono ni mkono, hata ukiwa wa kijana aliyetumwa.

Toba yake haikushuka kama radi. Alipotoa kitabu chake cha kwanza juu ya Afrika Mashariki, mwaka 1907, alichanganya vita, uwindaji na safari kama walivyofanya maafisa wengi wa siku zile. Lakini msomaji makini huona humo humo mtu aliyeanza kuchoka na bunduki, aliyependelea kumpiga mnyama picha kuliko kumpiga risasi, na aliyejifunza Kiswahili kiasi cha kuweza kukaa na watu wa Rufiji akasikiliza wanalosema. Mwaka 1909 aliacha utumishi wa majini. Akarudi Afrika pamoja na mkewe, Ellen, katika safari yao ya arusi, wakienda kwa miguu kutafuta chemchemi za Nile, wakafika katika nchi za Ziwa Viktoria. Kutokana na safari ile, na kutokana na kukerwa kwake na maisha ya Ulaya aliporejea, kikazaliwa kitabu ninachotaka kila mwalimu wa Kanda ya Ziwa akifahamu.

Kitabu hicho ni barua za Lukanga Mukara, mtu wa kubuniwa, mwana wa Ukara aliyefundishwa kusoma na wamisionari wa Ukerewe, ambaye anatumwa na mfalme wake kwenda kuipeleleza nchi ya Ujerumani kama vile wapelelezi wa Kizungu walivyozoea kuipeleleza Afrika. Zilichapishwa kwanza katika jarida mwaka 1912 na 1913. Lukanga anawatazama Wajerumani kwa adabu na kwa mshangao: haraka yao isiyokwisha, kuhesabu kwao kila kitu, moshi wanaoumeza kwa hiari, ulevi wao, mavazi yanayobana viwiliwili vya wanawake hata pumzi ikawa haba, na bidhaa zinazopakiwa huku kwenda kule na kule kuja huku, na msukosuko wote huo ukaitwa utajiri. Baadhi ya wasomi husema kwamba Lukanga si Mwafrika hata kidogo, ni Mjerumani aliyejipaka masizi ili aweze kuwasema ndugu zake. Nami nakubali kwamba Mkara halisi wa mwaka 1912 angekuwa na maneno mengine ya kusema, na ya kwanza yangalikuwa juu ya kodi na kiboko. Lakini nauliza: maafisa wangapi wa dola ya Kaisari walidhani kwamba mtu wa Ukara ana macho ya kuonea na akili ya kupimia, sembuse ya kuihukumu Berlin? Tena hakumchagua mtu wa kisiwa cha kudharauliwa. Wakara, ambao wengi wao wamehamia huku Geita na Sengerema, walijulikana tangu zamani kwa kilimo chao cha matuta na cha samadi, wakifuga ng'ombe zizini na kuwakatia majani, kwa vile kisiwa ni kidogo na watu ni wengi. Na ustadi huo hawakufundishwa na bwana shamba wa Kizungu.

Mimi humfikiria Lukanga kila nipitapo penye vijana wetu wanaochoma zebaki peupe, juu ya moto wa mkaa, wakiinamia moshi wake ili kupata dhahabu ya pointi chache, ilhali tumekwisha kuambiwa zaidi ya mara moja, hapa hapa Rwamgasa walipokuja wataalamu kupima, kwamba moshi ule huingia mwilini usitoke upesi. Natumaini angeketi nao kwanza, akawauliza majina yao, kabla ya kuandika lolote.

Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914, Paasche alirudi katika sare, kwa kuwa aliamini, kama mamilioni ya Wajerumani walivyoamini, kwamba nchi yake imeshambuliwa. Akawekwa kwanza katika mnara wa taa wa Roter Sand, uliosimama baharini kwenye mlango wa mto Weser, kisha katika kikosi cha bandarini. Na hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Alipotakiwa aketi katika mahakama ya kijeshi kumhukumu baharia aliyeshitakiwa kwa uchochezi, alikataa. Na mwanzoni mwa mwaka 1916 akaondolewa jeshini. Katika dola ile, na katika mwaka ule, ambapo majeshi ya Kaisari yalikuwa bado ndani ya nchi za watu wengine na hakuna aliyejua kwamba yatashindwa, kukataa kazi ya hakimu lilikuwa jambo zito kuliko kutoroka. Maana atorokaye huiokoa nafsi yake gizani, na huyu alisimama mchana mbele ya wenzake, akijua nishani yake, jina la baba yake na mustakabali wa watoto wake vinakwenda na maji. Mwaka 1917 alikamatwa kwa shitaka la uhaini kwa ajili ya maandishi yake ya kupinga vita, na ili kuiepushia dola aibu ya kumsimamisha kizimbani mwana wa kiongozi wa bunge, akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Berlin.

Tarehe 9 Novemba, 1918, Kaisari alipoanguka, mabaharia walikwenda hospitalini wakamtoa. Siku hizo chache akawa mjumbe wa baraza kuu la wafanyakazi na askari la Berlin, na yule aliyekuwa mfungwa jana akaketi karibu na kiti cha enzi kilicho kitupu. Wapo waliotumia nafasi kama hiyo kujilipia kisasi, na wapo waliotumia kujijengea; yeye hakufanya hivi wala vile. Ellen alifariki mwezi uliofuata, kwa homa ile iliyoua watu dunia nzima, akamwachia watoto wanne. Naye akaondoka mjini, akarudi katika shamba lake la Waldfrieden, mashariki ya Ujerumani, akaendelea kuandika. Mwaka 1919 alitoa kijitabu alichokiita kwa jina la hatia yake mwenyewe katika Vita Kuu. Wengi walikuwa wakitafuta wa kumtupia lawama. Yeye akaanza na jina lake.

Jamhuri iliyozaliwa ilimwogopa kuliko alivyoogopwa na Kaisari. Tarehe 21 Mei, 1920, askari wapatao 60 walilizunguka shamba lake, kwa madai kwamba ameficha silaha za wakomunisti. Alikuwa ziwani na watoto wake. Akaitwa nyumbani, akapanda njia akiwa na nguo ya kuogelea, na alipowaona askari akapigwa risasi, akafa akiwa na miaka 39. Silaha hazikuonekana. Hakuna aliyeadhibiwa kwa mauaji yale.

Mkabala na huyo naweka afisa mwingine ambaye Rufiji inamjua vizuri zaidi, Max Looff, nahodha wa manowari Königsberg, aliyeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, 1914, kisha akaificha meli yake katika mikono ya delta ile ile alimopita Paasche miaka tisa kabla, hata ikaangamizwa Julai, 1915, na mizinga yake ikavutwa bara kwa nguvu za mamia ya wapagazi wetu. Simnyimi sifa ya ushujaa, wala simtwishi ukatili ambao sina hakika nao. Lakini yatazameni maisha yake: alimtumikia Kaisari, Kaisari alipoondoka aliitumikia Jamhuri, akastaafu na cheo cha makamu wa admirali, na mwaka 1941, katika siku za Hitler, akachapisha kumbukumbu za vita vya Afrika Mashariki kwa jina la Kiswahili, Tufani. Akafariki mwaka 1954, mzee wa miaka 80, baada ya serikali nne kupita juu ya kichwa chake. Hata Strasbourg, mji aliozaliwa, ulikuwa umebadili dola mara kadhaa katika uhai wake mmoja.

Kwa hiyo namjibu mzee wangu. Kubaki kigodani wakati bendera inabadilika si kosa peke yake, kwa sababu watu wanahitaji wa kuamua kesi zao za ng'ombe na mipaka hata utawala ukiwa wa nani. Wala kuhama upande si fadhila peke yake. Mimi nauliza tu kama katika utumishi wake mrefu ilikuwapo amri moja ambayo mtu huyo hakuitimiza, na kama aliikataa wakati mwenye kuamrisha akiwa bado na nguvu. Ndiyo maana napenda watoto wetu, wanapofundishwa Maji Maji, wafundishwe na jina la Paasche, pamoja na wafu wake wa Rufiji na pamoja na Lukanga wake, bila ya kukipunguza kimoja kwa ajili ya kingine. Tukiwafundisha kwamba Wajerumani wote walikuwa mkono mmoja, tutakuwa tumewapa waliotii udhuru kwamba hakuna aliyeweza kufanya vinginevyo.

Nilimsomea mzee maneno haya jana jioni, kabla ya kuyatuma gazetini. Alinyamaza muda mrefu, akiyasikiliza makarasha, kisha akataka kujua afisa yule amezikwa wapi. Nikamwambia amezikwa kwake Waldfrieden, jina ambalo maana yake ni amani ya msituni, na kwamba baada ya mwaka 1945 ardhi ile ilitoka mikononi mwa Ujerumani ikawa ya Poland, lakini kaburi lipo. Akaniuliza ni nani sasa anayelifagia.