Tembe ya kukinga kongosho isionewe haya

Wengi wetu husikia habari za ERCP pale tu macho ya jamaa yetu yanapogeuka manjano na mkojo wake ukafanana na chai ya rangi. Daktari hueleza kwamba kuna kijiwe kilichokwama katika mfereji wa nyongo, na kwamba kinaweza kutolewa bila kupasua tumbo. Mrija wenye kamera hupitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mdogo, pale ambapo mifereji ya nyongo na ya kongosho hufungukia. Huduma hii, ambayo nchini hupatikana katika hospitali chache kubwa, imewaepusha wagonjwa wengi na kisu.

Taabu ni kwamba kongosho ni kiungo chenye hasira. Kikiguswaguswa huweza kuvimba, na vimeng'enya vyake vilivyokusudiwa kusaga chakula vikaanza kukila chenyewe. Kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa ERCP, 3 hadi 10 hupatwa na uvimbe huo. Miongoni mwa walio katika hatari zaidi, kama vile waliowahi kuugua kongosho hapo awali, idadi hupita 10. Wengi hupona baada ya siku kadhaa wodini, lakini wachache huishia katika chumba cha wagonjwa mahututi, na wengine hufariki. Mtu aliingia kutolewa kijiwe tu!

Kinga ipo, na si ya ajabu. Ni dawa za kawaida za kutuliza uvimbe na maumivu, diklofenaki au indometasini, kipimo cha miligramu 100 kinachoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow, Scotland, walitoa matokeo ya wagonjwa 220. Waliopewa diklofenaki walivimba kongosho 7 kati ya 110, na waliopewa tembe isiyo na dawa 17 kati ya 110. Mwaka 2012 Wamarekani wakachapisha utafiti wa wagonjwa 602, wengi wao wakiwa katika hatari kubwa, na indometasini ikapunguza uvimbe kutoka asilimia 16.9 hadi 9.2.

Sasa ipi bora kati ya hizo mbili? Msomaji atashangaa kujua kwamba mara nyingi swali hili limeamuliwa na soko. Nchini Marekani diklofenaki ya kuingizwa njia ya haja kubwa haiuzwi, ndiyo maana wataalamu wa huko waling'ang'ania indometasini. Tafiti zilizozipambanisha dawa hizi ana kwa ana ni chache. Zinapojumlishwa zote, mizani huinamia diklofenaki kidogo. Chama cha wataalamu wa endoskopia cha Ulaya, katika mwongozo wake wa 2020, kinakubali yoyote kati ya hizo kwa kila mgonjwa asiye na kizuizi, mradi itolewe muda mfupi kabla ya shughuli kuanza.

Kwa maoni yangu, hapa Kenya mjadala huo usitucheleweshe. Diklofenaki ni dawa tuliyoizoea na bei yake haimtishi mtu, hasa ikilinganishwa na gharama ya kulazwa kwa wiki mbili. La muhimu zaidi ni wakati. Utafiti wa China wa 2016, uliohusisha wagonjwa 2,600, ulionyesha kwamba kumpa kila mgonjwa indometasini kabla ya ERCP kulileta uvimbe kwa asilimia 4 hivi, ilhali kungoja na kuwapa walio hatarini peke yao baada ya shughuli kulileta asilimia 8.

Kuna kizuizi kingine kisichotajwa vitabuni, nacho ni aibu. Mzee wa miaka 60 akiambiwa na muuguzi kijana ageuke ubavu, huomba apewe ya kumeza. Na muuguzi, kwa heshima, huenda akakubali. Ya kumeza haikuthibitika kuzuia uvimbe huu. Inafaa daktari amweleze mzee huyo mapema, faraghani, kwa nini njia ni hiyo, na ikibidi atafutwe muuguzi wa kiume.

Si kila mtu anafaa kupewa. Mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, mzio wa aspirini, au mja mzito wa miezi ya mwisho, hapaswi kuitumia. Wala tembe si mwisho wa maarifa. Utafiti uliochapishwa 2024, wa wagonjwa 1,950 wa Marekani na Kanada walio katika hatari kubwa, ulionyesha kwamba indometasini pamoja na kimrija kidogo ndani ya mfereji wa kongosho iliacha uvimbe wa asilimia 11.3, na indometasini peke yake asilimia 14.9. Lakini kimrija hicho kinahitaji mkono wenye uzoefu. Tembe inahitaji mtu wa kukumbuka tu, na hapo ndipo ninapozilaumu hospitali: katika fomu ya maandalizi, kando ya swali kama mgonjwa amefunga kula, pawekwe mstari wa kuandika saa aliyopewa dawa na jina la aliyempa.