Flashi, Taa za LED na Ridhaa ya Maharusi



Wapendwa katika Bwana, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, alizeti inakamuliwa, na kama ilivyo ada kwetu Singida, msimu wa ndoa umewadia. Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni taa za wapiga picha kanisani.

Milangoni mwa makanisa mengi hubandikwa tangazo linalokataza flashi wakati wa Misa Takatifu. Ni tangazo jema, wala silipingi. Lakini liliandikwa wakati ambapo flashi ndiyo ilikuwa kero pekee iliyojulikana. Vijana wetu wa picha wamelisoma, wakalitii, na badala ya flashi wakaleta taa za LED zilizosimikwa juu ya stendi. Taa hizo hazimweki wala hazimshtui mtoto mchanga. Huwashwa maharusi wanapoingia na kuzimwa wanapotoka. Kamati ya harusi hushukuru, paroko hunyamaza, na kila mmoja hudhani kwamba ugonjwa umepata dawa. Kwa maoni yangu, dawa hii ni kali kuliko ugonjwa wenyewe. Ikinilazimu kuchagua kimoja kati ya viwili hivi mbele ya altare, nachagua flashi, zikiwa chache na kwa wakati wake.

Najua nitashangaza baadhi ya mapadre wenzangu. Basi mnivumilie nieleze kwanza namna vyombo hivi vinavyofanya kazi, maana hoja yangu imesimama hapo, na si juu ya chuki ya padre kwa mambo mapya.

Flashi hukusanya umeme wa betri ndani yake, kisha huuachilia wote kwa mkupuo mmoja. Mmweko wake kwa kawaida hudumu kwa takribani sehemu moja ya elfu moja ya sekunde, na mara nyingi pungufu ya hapo. Mpiga picha akimweka mara 200 katika Misa nzima, jumla ya mwanga wake haifiki hata robo ya sekunde. Taa ya LED iliyowashwa kwa Misa ya saa moja na nusu huwaka sekunde 5,400. Hesabu hii haisemi yote, kwa sababu mmweko mfupi una namna yake ya kusumbua: hukata usikivu, na ukirudiwa harakaharaka unaweza kumdhuru mtu mwenye kifafa cha aina ile inayochochewa na mwanga. Hata hivyo inasema jambo moja: baada ya flashi, kanisa hurudi kuwa kanisa. Baada ya LED kuwashwa, kanisa halirudi mpaka mwenye taa atakapopenda.

Kuna tofauti nyingine ambayo waamini wengi hawaijui, nayo ndiyo chanzo cha vurugu tunazoziona. Flashi, kwa ufupi wa mmweko wake, ina nguvu kubwa sana. Mpiga picha anaweza kusimama mita sita au saba akapata anachotaka. Taa ndogo ya LED ya betri haina nguvu hiyo. Aidha, ni kanuni ya maumbile kwamba taa ikisogezwa mara mbili ya umbali wake, mwanga unaokifikia kitu hubaki robo. Taa iliyotosha ikiwa mita mbili kutoka kwa bibi harusi, ikiwekwa mita nne hubakiwa na robo tu ya uangavu. Ndiyo maana yule kijana wa taa husogea. Mwanzoni yuko karibu na benchi la kwanza. Wakati wa mahubiri amekwisha kufika kwenye ngazi. Ifikapo wakati wa kufunga ndoa, amesimama kati ya padre na wasimamizi, ameinua taa juu ya kichwa kama Musa aliyeinua fimbo. Tusimwite mtovu wa adabu. Anasukumwa na kanuni ya fizikia, na aliyemwajiri hakumfundisha kitu kingine.

Tuseme ukweli pia kuhusu upande wa pili. Mpiga video hawezi kutumia flashi, kwa sababu video ni mfululizo wa picha na huhitaji mwanga unaodumu. Tena flashi ya mwenzake humharibia kazi, maana kamera nyingi za video husoma picha mstari kwa mstari, na mmweko mfupi huacha nusu ya picha nyeupe na nusu ya kawaida. Wenye umri wangu watakumbuka taa za halojeni za miaka ya 1990, zile za wati 500 au 1,000, zilizochemsha kanisa mpaka poda ikayeyuka usoni mwa bibi harusi. Kwa kuzilinganisha na hizo, LED ni neema: haichomi, haili umeme mwingi, na umeme ukikatika huendelea kuwaka kwa betri. Mwaka 2014 Tuzo ya Nobel ya Fizikia walipewa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kwa kuvumbua LED ya buluu, na bila buluu hiyo tusingepata LED nyeupe tunayoijua, kwa kuwa nyingi kati ya hizo ni buluu iliyofunikwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa wa manjano. (Hapo ndipo penye kasoro ya taa za bei nafuu: mara nyingi hupungukiwa na wekundu, na ngozi zetu, zenye hudhurungi na wekundu ndani yake, hutoka pichani zikiwa na rangi ya majivu. Wanaolipia albamu walijue hilo.)

Kwa hiyo silaumu chombo. Naongelea mahali na saa ambapo chombo hicho huwashwa.

Mapokeo yetu ya Kanisa la Kilatini yanafundisha kwamba katika Sakramenti ya Ndoa wahudumu si padre. Wahudumu ni maharusi wenyewe, wanaopeana sakramenti hiyo kwa kueleza ridhaa yao mbele ya Kanisa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inatamka wazi kwamba ndoa hufanyika kwa ridhaa, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijaza nafasi yake. Padre hupokea ridhaa hiyo kwa jina la Kanisa, na mashahidi wawili husikia na kuona. Sasa fikirini: taa nyeupe imesimama mita mbili kutoka usoni mwa mhudumu wa sakramenti, naye anajaribu kumtazama mwenzake amwambie neno litakalomfunga mpaka kifo. Mboni zimesinyaa. Machozi yanamtoka, na wageni husema amelia kwa furaha. Anachokiona upande wa pili ni mng'ao wenye sura ndani yake. Mashahidi, ambao macho yao yamezoea mwanga ule mkali, wakigeuka kuwatafuta wazazi wanaona giza. Wazazi nao, waliokaa gizani, wanawaona watoto wao kama watu walio ndani ya televisheni.

Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Mwanga unaodumu huchora mpaka. Walio ndani yake huwa waigizaji, na walio nje huwa watazamaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulitaka waamini wote washiriki kikamilifu, kwa utambuzi na kwa matendo. Si rahisi kumtaka bibi mzee wa Ilongero ashiriki kwa matendo huku amekalishwa nyuma ya stendi, akitazama mgongo wa kijana wa taa. Nimeona watu kanisani wakigeuza vichwa kuifuata taa inapohama, kama alizeti changa zinavyolifuata jua, huku somo likiwa linasomwa upande mwingine.

Flashi ina dhambi zake, tena moja niliishuhudia. Katika parokia moja niliyopata kuhudumu, bwana harusi alikwisha kumvisha mkewe pete, na mpiga picha, ambaye betri zake zilikuwa zimechoka na flashi haijajaa tena, akasema kwa sauti kanisa zima likasikia: "Rudieni, haikutoka." Na wale maharusi wakarudia! Pete ikavuliwa kidoleni, ikavishwa upya, safari hii wakiitazama kamera. Ndoa yao ni halali kabisa, kwa kuwa ridhaa ilikwisha kutolewa. Lakini tendo lililokuwa ishara liligeuzwa kuwa onyesho, na vijana wale wataitazama picha ile maisha yao yote wakijua kwamba si picha ya tendo lenyewe.

Hata hivyo, kosa lile lilionekana. Kila mtu alilisikia, wazee waliguna, padre aliweza kukemea. Kosa la taa ya LED halionekani kwa sababu limeenea kanisani pote, kama moshi.

Kanisa halikuanza jana kulitafakari jambo hili. Maelekezo Eucharisticum Mysterium ya tarehe 25 Mei 1967, katika namba ya 23, yanadai uangalifu mkubwa ili upigaji picha usivuruge adhimisho, na pale penye sababu ya kweli ya kupiga picha, ufanyike kwa kiasi na kwa kufuata maagizo ya Askofu wa mahali. Mtaona kwamba maelekezo hayo hayakutaja flashi wala balbu. Yametaja uvurugaji. Tarehe 8 Novemba 2017 hayati Baba Mtakatifu Fransisko, akifundisha juu ya Misa katika uwanja wa Mtakatifu Petro, alisikitika kuona simu zikiinuliwa wakati wa adhimisho, si kwa waamini tu bali hata kwa mapadre na maaskofu, akakumbusha kwamba padre anawaalika waamini kuinua mioyo. Simu haziwaki kama taa, lakini zilimsumbua vilevile.

Zamani filamu yenyewe ilikuwa mwalimu wa kiasi. Kasha moja lilikuwa na picha 36, na kuzisafisha kulikuwa na gharama yake. Mpiga picha aliyekuja na makasha mawili alikuwa na mimweko 72 kwa siku nzima, kanisani, ukumbini na barabarani, kwa hiyo alifikiri kabla ya kubonyeza. Kamera za sasa hazina ukomo huo, lakini zina fadhila nyingine ambayo wapiga picha wetu hawaitumii vya kutosha: zinaona gizani. Filamu iliyozoeleka ilikuwa ya ISO 100, 200 au 400. Kamera ya kawaida ya leo hupiga kwa ISO 3200, na nyingine kwa 6400, bila picha kuharibika kwa kiasi cha kumkasirisha mama mkwe. Kanisa lenye madirisha yaliyofunguliwa mapazia, saa nne asubuhi, kwa jua letu hili la Singida, lina mwanga wa kutosha kwa picha na hata kwa video. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua mapazia.

Mapazia ni kazi yetu wenye kanisa. Haifai kumzuia kijana taa yake huku tukimwacha katika jengo lenye balbu tatu, mbili zikiwa zimeungua. Anatafuta riziki, na asipoleta picha zinazoonekana hatalipwa sehemu ya fedha iliyobaki. Parokia ikiwa na haja ya mwanga, mwanga huo na uwe wa parokia: ufungwe juu, uwaangazie wote, mfalme na mchunga mbuzi, na swichi yake iwe mkononi mwa sakristani. Kamati ya fedha inaponunua balbu, imshirikishe mpiga picha mmoja mwenye uzoefu, kwa sababu balbu hafifu za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Jicho halioni, lakini video hutoka ikiwa na mistari inayopanda na kushuka.

Na nje ya kanisa? Huko naondoa mkono wangu kabisa. Kwenye yale mawe makubwa kandokando ya Ziwa Singidani, ambako maharusi wetu hupenda kwenda baada ya Misa, LED ndogo mbele ya jua la saa saba ni kibatari. Hapo flashi ndiyo mfalme, hulainisha vivuli vya machoni na kuliacha ziwa nyuma likionekana. Ila wafunge vizuri miavuli yao ya kuakisi mwanga, maana upepo wa Singida hauna heshima kwa stendi ya mtu. Ukumbini, usiku, waleteni taa zote mtakazo. Pale ni sherehe, mshereheshaji anajua kazi yake, na maharusi kutazamwa ni haki yao.

Mwinjili Yohane alipotusimulia harusi ya Kana hakututajia jina la bibi harusi, wala nguo aliyovaa, wala sura ya bwana harusi. Tunajua mitungi ilikuwa sita, na kwamba watumishi ndio waliofahamu divai ilikotoka. Mimi humwona mpiga picha mwema kuwa kama mmoja wa watumishi wale: anajua kilichotokea kuliko mkuu wa meza, wala hakuna anayemkumbuka.

Basi utaratibu wa msimu huu katika parokia yetu utakuwa hivi. Stendi za taa hazitapita mstari wa benchi la kwanza, na hakuna LED itakayowashwa ndani ya kanisa tangu ishara ya msalaba hadi baraka ya mwisho. Flashi inaruhusiwa wakati wa maandamano ya kuingia, mara moja tu baada ya ridhaa kutolewa, mara moja baada ya pete, kisha wakati wa kutia sahihi daftari na vyeti, ambapo hatuna haraka na kila mtu anaweza kujipanga. Wakati wa masomo, Mageuzo na Komunyo, hapana. Taa zote za kanisa zitawashwa na mapazia yatafunguliwa nusu saa kabla. Wenye ndoa za mwezi ujao waje na wapiga picha wao kwenye mazoezi ya Ijumaa saa kumi alasiri, kamera zikiwa mkononi, ili kila mmoja aoneshwe mahali pa kusimama na kupima mwanga uliopo kabla ya siku yenyewe.